Kabla ya kumtafutia mpiga kura mgombea, tupate kwanza orodha

Siku hizi kila uchaguzi unapokaribia hujitokeza kikundi cha wataalamu wa kompyuta kikatangaza programu ya simu ya kuwakutanisha wapiga kura na wagombea wa maeneo yao. Zamani kazi hiyo ilitaka fedha nyingi na miezi mingi. Leo, akili mnemba ikisaidia kuandika msimbo, mtu mmoja anaweza kuwa na kitu cha kuonyesha ndani ya wiki. Mjadala unaofuata huwa ni uleule. Wanaoipenda husema hatimaye mwananchi atamfahamu diwani wake kabla hajampigia kura, na wanaoiogopa husema siasa inageuzwa mchezo wa kutelezesha kidole kwenye kioo cha simu. Pande zote mbili zinabishania kinachoonekana kwenye kioo, wakati ugumu wa programu hizi umejificha nyuma yake. Ugumu ni kujua nani hasa anagombea, wapi, na mpaka wa eneo lake unaishia wapi. Ni kuwatendea wagombea wote haki sawa. Ni kujizuia kumjua mpiga kura zaidi ya inavyohitajika. Programu itakayoyamudu hayo matatu itafanana na daftari la wazi lenye sanduku la maswali, nami naamini itakuwa na faida kubwa. Itakayoyaruka ili ifike upesi kwenye “mgombea anayekufaa kwa asilimia 82” itampotosha mpiga kura, na itampotosha bila kusita.

Wazo lenyewe la kulinganisha maoni ya mpiga kura na ya vyama au wagombea lina umri. Uholanzi ilianza na StemWijzer mwaka 1989, ikiwa chombo cha kufundishia shuleni, na mwaka 1998 ikaiweka kwenye intaneti. Ujerumani ikafuata na Wahl-O-Mat mwaka 2002, chini ya taasisi ya serikali ya elimu ya uraia, kisha Uswisi ikazindua smartvote mwaka 2003. Utaratibu wake hauna fumbo: mtumiaji wa Wahl-O-Mat huwekewa kauli 38, akakubali, akakataa au akabaki katikati, halafu majibu yake yanalinganishwa na ya vyama. Katika uchaguzi wa bunge la Ujerumani wa 2021 ilitumika zaidi ya mara milioni 21. Mafanikio kama hayo ndiyo yanayowafanya watu waamini kwamba uchaguzi wa kata au wa halmashauri ni uchaguzi uleule uliopunguzwa ukubwa, na kwamba chombo kilekile kitafaa kikipunguzwa pia. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Vyama vya kitaifa vina ilani zilizoandikwa, vina ofisi zenye watu wa kujibu dodoso, na majina yao yako kwenye orodha moja rasmi. Mgombea wa udiwani pengine ana bango, namba ya simu na marafiki wachache wanaozunguka naye nyumba kwa nyumba.

Masuala yenyewe pia ni ya namna nyingine. Mpiga kura wa ngazi ya chini anataka kujua habari za mtaro unaofurika, soko lisilo na choo, taa za barabarani zilizozimika, kibali cha ujenzi kinachokaa mezani. Ukiweka kauli “barabara zinahitaji taa,” wagombea wote watabonyeza “nakubali,” na hesabu yako ya asilimia haitakuwa na chochote cha kupima. Tofauti yao imo kwenye maswali ambayo kitufe hakiwezi kuyabeba: mtaa upi utaanza, fedha zitatoka fungu gani, ni nani kati yao ambaye tayari ameshafuatilia jambo hilo na akafikia wapi. Smartvote inalinganisha mgombea mmoja mmoja, kwa hiyo mtu anaweza kuitaja kama ushahidi dhidi yangu, na ni hoja ya haki. Lakini inategemea wagombea kujaza wenyewe dodoso refu, jambo ambalo limejengwa kwa uchaguzi mmoja baada ya mwingine kwa miongo miwili. Anayeanza leo na kura ni baada ya miezi minne hana mazoea hayo ya kuegemea.

Turudi kwenye orodha, maana ndiyo kazi yenyewe. Marekani ina nafasi za kuchaguliwa zaidi ya 500,000, na sehemu kubwa mno ya hizo ni za serikali za mitaa, bodi za shule na wilaya maalumu za huduma kama maji na zimamoto. Kwa muda mrefu wasanidi wa programu za kiraia waliegemea huduma ya bure ya Google: unaingiza anwani, unarudishiwa majina ya viongozi wanaohusika na anwani hiyo. Google iliifunga sehemu hiyo tarehe 30 Aprili 2025, na waliokuwa wamejenga juu yake ikawabidi watafute chanzo kingine. Na hao ni viongozi walio madarakani, ambao hawabadiliki kila wiki. Orodha ya wagombea haitulii hata kidogo, kwa sababu mtu huchukua fomu, huwekewa pingamizi, hukata rufaa, hurudishwa, hujitoa, na wakati mwingine hufariki kabla ya siku ya kura.

Uingereza inaonyesha vizuri kazi hii inavyokuwa kwa karibu. Shirika la Democracy Club, lenye tovuti ya kumwonyesha mtu wagombea anaoweza kuwachagua, lilikuta hakuna orodha moja ya kitaifa ya wagombea wa halmashauri. Kila halmashauri hutoa tangazo lake la walioteuliwa, mara nyingi kama faili la PDF lililopangwa kwa mtindo wake yenyewe. Kwa hiyo watu wa kujitolea huyafungua matangazo hayo moja baada ya jingine, mmoja akachapa majina, vyama na kata, na mwingine akalinganisha kilichochapwa na tangazo lenyewe kabla halijafungwa. Hakuna algoriti inayong’aa hapo; ni macho ya watu wawili juu ya karatasi moja. Na bado linabaki tatizo la mipaka. Msimbo wa posta mmoja unaweza kukatwa na mstari wa kata, nyumba za upande huu zikapiga kura kata hii na za upande wa pili kata nyingine, kwa hiyo mfumo hulazimika kumuuliza mtu achague anwani yake kamili kabla ya kumwonyesha jina lolote.

Wajenzi wengi hudhani simu itawavusha, kwa kuwa simu inajua ilipo. Simu inajua iliposhikwa sasa hivi. Haijui mwenye nayo amejiandikisha kituo gani. Mwanafunzi anayesoma mbali na kwao, mfanyakazi aliyehamishwa mwezi uliopita, mfanyabiashara anayeshinda mjini na kulala wilaya jirani, wote hao wataonyeshwa wagombea wasio wao, na programu itafanya hivyo bila kuonyesha shaka. Niliwahi kuonyeshwa programu ya majaribio ya aina hii na watu waliokuwa na nia njema kabisa. Rangi zilipendeza, picha zilifunguka haraka, na jina la kwanza lililotokea lilikuwa la mtu ambaye tayari alikuwa amejitoa. Nilipouliza nani ana jukumu la kulitoa, ilibainika kwamba hakuna aliyepangiwa kazi hiyo. Walikuwa na mbunifu wa michoro na wasanidi wawili, na hawakuwa na mtu wa orodha.

Wanaotetea programu za kulinganisha wana hoja nzito, na sitaki kuipita juu juu. Wanasema mpiga kura hana muda. Karatasi ya kura yenye nafasi tano au sita, kila nafasi na watu wanane, inamtaka mtu asome mambo ambayo hata mwandishi wa habari za siasa hayamalizi. Bila msaada, ataangalia chama, kabila, sura au jina alilolisikia mara nyingi. Ulinganisho wa asilimia, hata ukiwa na kasoro, ni bora kuliko hayo. Tafiti kiasi fulani ziko upande wao: uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu vyombo hivi, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta wanaovitumia huripoti zaidi kwamba walikwenda kupiga kura, ingawa matokeo yalipungua sana katika tafiti zilizodhibitiwa vizuri kutenganisha chombo na watu ambao tayari walikuwa wanapenda siasa. Mimi nakubali sehemu ya kwanza ya hoja yao yote, kwamba muda ni mdogo na msaada unahitajika. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba msaada huo lazima uwe hukumu. Mtu asiye na muda anasaidika vya kutosha akipewa ukurasa mmoja usio na makosa: hawa ndio wanaogombea kwako, hii ndiyo kazi ya nafasi hiyo na mipaka yake, hivi ndivyo kila mmoja alivyojibu maswali matano yaleyale kwa maneno yake, na huyu hapa hakujibu. Ukurasa huo unasomwa kwa dakika chache, na hukumu inabaki kwa mwenye kura.

Kipande cha “kazi ya nafasi hiyo” ningekitilia mkazo kuliko wengi wanavyofanya. Wagombea wa ngazi ya chini huahidi mambo yasiyo mikononi mwao, na wapiga kura huwalaumu kwa mambo hayohayo. Mgombea wa halmashauri anayeahidi kushusha kodi ya mapato anaahidi kitu ambacho baraza lake halina uwezo wa kukigusa. Programu ikieleza kwa aya mbili kwamba nafasi hii inapitisha bajeti ya eneo, inasimamia masoko na taka, na haina mamlaka juu ya polisi au mitaala, imempa mpiga kura kipimo cha kusikilizia kampeni nzima. Hilo linaandikwa mara moja na kutumika kila kata, na sielewi kwa nini huachwa mwisho.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayotolewa kwa kujiamini zaidi: kwamba programu haina upande, kwa sababu mashine haina chama. Mwaka 2019, siku chache kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya, mahakama ya utawala ya Cologne iliamuru Wahl-O-Mat isitishwe katika sura iliyokuwa nayo. Sababu haikuwa upendeleo wa makusudi. Chombo kilimruhusu mtumiaji kulinganisha majibu yake na vyama visivyozidi vinane kwa wakati mmoja, ilhali vyama vilivyogombea vilikuwa 41. Chama kidogo cha Volt kililalamika kwamba watu wangechagua vile wanavyovijua, na vidogo visingeonekana. Makubaliano yalifikiwa, chombo kikarudi hewani kabla ya siku ya kura. Uamuzi wa “vinane” ulikuwa wa usanifu wa ukurasa, wa aina inayofanywa na msanidi mmoja bila kikao, na mahakama ikauona kuwa suala la fursa sawa ya kisiasa. Hata mpangilio wa majina una uzito. Mahakama ya Juu ya California mwaka 1975, katika kesi ya Gould dhidi ya Grubb, ilikataa utaratibu wa kumweka kwanza anayetetea kiti, kwa kuwa anayesomwa kwanza hupata faida. Sasa fikiria programu inayopanga wagombea kwa “waliotazamwa zaidi,” kama inavyopangwa orodha ya video. Imeshampigia kampeni mwenye jina kubwa kabla mtu hajasoma neno. Majina na yachanganywe upya kwa kila mtumiaji, na nafasi ya juu isiuzwe kwa bei yoyote ile.

Wengine sasa wanasema akili mnemba itaziba mapengo: mahali ambapo mgombea hakujibu, mashine isome hotuba na kurasa zake za mitandao, ikadirie msimamo wake, au izungumze na mpiga kura moja kwa moja. Oktoba 2025 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi ilijaribu roboti nne za mazungumzo kwa kuziomba ushauri wa kura. Katika zaidi ya nusu ya majaribio zilimpeleka mtumiaji kwenye mojawapo ya vyama viwili tu, hata awe ametoa maoni gani, na vyama vingine havikutajwa karibu kabisa hata pale maoni yaliyoingizwa yalipofanana na ya kwao. Hiyo ni Uholanzi, ambako vyama vimeandikwa habari zao kwa miaka mingi na maandishi ya kujifunzia yapo tele. Mgombea wa kata ambaye jina lake limeandikwa mtandaoni mara mbili, moja ikiwa ni la mtu mwingine anayefanana naye jina, atatungiwa msimamo. Na mpiga kura hatakuwa na njia ya kujua kwamba umetungwa. Mgombea akikaa kimya, nafasi yake ibaki wazi, na iandikwe tarehe aliyopelekewa maswali. Ukimya huo nao ni taarifa, na ni wa kwake mwenyewe.

Upande wa wagombea nao una malalamiko yanayostahili kusikilizwa. Aliye madarakani anaona hana faida ya kujibu, maana kila jibu ni kamba ya kumfungia baadaye. Mgeni asiye na fedha anaona programu kama jukwaa pekee analolimudu, lakini anahofia kwamba mtu mwingine atajiandikisha kwa jina lake. Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake haina mvuto wowote: kumpigia mgombea kupitia mawasiliano aliyoyaacha kwenye fomu ya uteuzi, au kuonana naye, na kutomfungulia akaunti mpaka athibitishwe. Pia wagombea wanataka kujua kama maswali yanayoingia yametoka kwa watu wa kata yao au kwa kikosi cha mpinzani kilichoketi mahali na simu kumi. Hapa nakiri kuna mvutano wa kweli, kwa sababu njia rahisi ya kuthibitisha kwamba muulizaji ni mkazi ni kukusanya kitambulisho chake, na hilo linafungua mlango mbaya kuliko ule linaoufunga.

Mlango huo tumeshauona umefunguliwa. Mwaka 2020 nchini Israel, daftari la wapiga kura takriban milioni 6.5, pamoja na majina, anwani na namba za vitambulisho, lilibaki wazi kwenye intaneti kupitia mfumo wa Elector, programu ya kampeni iliyokuwa ikitumiwa na chama cha Likud. Juni 2021 Wakenya walipopewa njia ya kukagua mtandaoni uanachama wao wa vyama, wengi walikuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Umoja wa Ulaya, katika kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, umeyaweka maoni ya kisiasa kwenye kundi moja na taarifa za afya na dini. Mjenzi wa programu anayeweka jina, namba ya simu, mahali na majibu ya mtu kuhusu masuala ya siasa kwenye seva moja ametengeneza orodha ambayo kila kambi ya kampeni ingeilipia, na ambayo mtawala mwenye kisasi angeitumia kwa namna mbaya zaidi. Ahadi ya kutoiuza haitoshi. Kampuni hufilisika, hununuliwa, hudukuliwa, na hupelekewa amri za mahakama. Taarifa ambayo haikukusanywa haina wa kuiiba.

Na kiufundi hilo linawezekana bila shida. Data zote za kata nzima, wagombea na majibu yao, ni maandishi machache yanayopakuliwa kwenye simu mara moja. Mtu akachagua kata yake, akasoma, akaweka alama zake, na hakuna chochote kinachorudi kwenye seva. Maswali kwa wagombea yapite kwa wahariri wanaoyakusanya yanayofanana, wakatuma kwa wagombea wote wa kata swali lilelile kwa maneno yaleyale, bila jina la muulizaji. Kwa njia hiyo haijalishi sana kama swali limetoka kwa mkazi au kwa mpinzani: likiwa ni swali la maana kuhusu mtaro, wagombea wote wataulizwa kulijibu hadharani, na likiwa ni matusi, mhariri analiacha. Kinachopotea ni takwimu za watumiaji ambazo wawekezaji hupenda kuonyeshwa. Najua hasara hiyo si ndogo kwa anayetafuta fedha, na ndiyo maana sidhani kazi hii inafaa kuendeshwa kama biashara ya kukuza idadi. Brigade, programu iliyoanzishwa Marekani kwa zaidi ya dola milioni 9 na kuungwa mkono na Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, ilikusudia hasa kuwaunganisha wapiga kura kwa misimamo yao kisha kuwafikisha kwa wagombea. Haikuishiwa na wahandisi wala fedha za kuanzia, na mwaka 2019 ilikuwa imekwisha, wahandisi wake wamechukuliwa na Pinterest, mtandao wa kijamii wa picha. Mzalendo, tovuti ya Kenya inayofuatilia bunge tangu mwaka 2005, ilianza na watu wawili na kazi ya kuweka kumbukumbu, na imeishi kupita chaguzi kadhaa.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayobadilisha thamani ya kazi nzima. Programu inayozimwa siku ya pili baada ya kura imemsaidia mtu kuchagua mara moja. Ikibaki, majibu matano ya mshindi, kwa maneno yake na tarehe zake, yatakuwapo atakaporudi kuomba tena, na aliyeshindwa akigombea mara ya pili hataanza kutoka sifuri. Kwa hiyo wafadhili wanaoletewa mapendekezo ya programu hizi wangeuliza kwanza maswali ambayo hayapo kwenye maonyesho: nani anaichapa orodha, nani anaikagua, jina la aliyejitoa linaondolewa ndani ya saa ngapi, na data itahifadhiwa wapi kampuni ikifa. Tume za uchaguzi, kwa upande wao, zingeweza kuondoa nusu ya kazi hii kwa kuchapisha orodha ya walioteuliwa na ramani za mipaka ya kata kama jedwali lililo wazi, lenye namba ya kudumu ya kila kata, siku ileile ya uteuzi, na kulisahihisha kila uamuzi wa rufaa unapotoka. Majina hayo tayari yako kwenye kompyuta zao, kwa kuwa ndiyo yanayochapwa kwenye karatasi za kura.